Kuuzunguka Mlima na Gari Lenye Kikohozi

Nyie watu wa grupu letu la magari hamna huruma. Tangu Jumatatu simu yangu haijapumzika. "Elia, limeuzwa au halijauzwa?" "Elia, Mwalimu Temba ameshachukua funguo?" "Elia, sema basi, tunaumia!" Haya, kaeni niwasimulie mara moja tu, maana nikimpigia kila mmoja peke yake nitazeeka. Na yule atakayesoma halafu aseme alijua tangu mwanzo, anyamaze. Hakuna aliyejua. Hata mimi niliyelifunga gari lile kwa mikono yangu sikujua, ndiyo aibu yenyewe.

Moshi mjini, kabla ya kuondoka

Kwa waliojiunga juzi: gari langu ni lile stesheni wagoni la bluu, kuukuu, nililolifunga turbo kubwa kuliko ile liliyokuja nayo. Nikaliwekea na pampu ya mafuta yenye nguvu zaidi, ili turbo ikileta hewa nyingi, mafuta nayo yawepo ya kutosha. Kwenye dashibodi kuna geji ndogo ya duara inayonionyesha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Turbo ikisukuma, nataka namba ishuke mpaka kumi na moja na kitu, yaani injini imeshiba. Ikipanda hadi kumi na tano huku turbo inasukuma, injini inameza hewa tupu, na mkiendelea kukanyaga hapo mnaunguza pistoni.

Sasa gari hili lilikuwa na kikohozi. Siku likiamua, geji inaruka kumi na tano, gari linakohoa, linatikisika, linaishiwa nguvu katikati ya mlima. Halafu ukilipeleka gereji, ni zima kabisa! Fundi Gurmit, ambaye babu yake alikuwa akitengeneza magari hapa Moshi kabla baba zetu hawajazaliwa, alihangaika nalo miezi minane. Alibadilisha plagi, akasafisha nozeli, akapuliza moshi kwenye mabomba kutafuta hewa inakovuja, akabadilisha sensa. Tukalijaribu kwenye ile barabara iliyonyooka ya kwenda Kahe, mashamba ya mpunga huku na huku, likaruka vizuri mpaka fundi akapiga kofi dashibodi kwa furaha. Kesho yake nikampakia Mama kwenda msibani Kibosho. Wakati wa kurudi likakohoa mpaka kofia yake ya kanisani ikaanguka.

Na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Nikiwa peke yangu, kikohozi hakuna. Akipanda Mama, kinakuja. Mama yangu ana miaka sitini na minane, mwili wake mdogo, wala si kwamba analilemea gari. Yeye alishatoa hukumu yake: "Gari lako halinipendi."

Jirani yetu Mwalimu Temba alikuwa analitamani siku nyingi. Kwa hiyo Mama akaniwekea sharti. Jumapili kulikuwa na kipaimara cha mjukuu wa dada yake, Mama Mkubwa Eliwaza, kule Sanya Juu. Kutoka Moshi ni karibu ukipita Boma Ng'ombe, lakini Mama hakutaka njia ya karibu.

"Mlima huu nimeuona kila siku ya maisha yangu," akasema, "mgongo wake sijauona. Utanizungusha, tupite Marangu, Rombo, Tarakea, mpaka tutokee Sanya Juu. Likikohoa mara tatu kabla hatujafika, unampa Mwalimu Temba, na wewe unanunua gari la watu wenye akili."

Nikakubali! Kwa kinywa changu! Mnanijua nikishapandwa na kiherehere.

Kupanda Marangu mpaka Mamba

Jumamosi asubuhi Mama alitoka na kofia yake, kitabu cha nyimbo, na leso nyeupe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akalizunguka gari akilitazama kama nesi wa kliniki anayetazama mtoto aliyepungua kilo.

"Leso ya nini, Mama?"

"Ya kuhesabia. Likikohoa, nafunga fundo."

Jamani, gari lilipanda! Kutoka Himo kwenda Marangu turbo inaimba, geji imetulia kumi na moja na nusu, kona moja baada ya nyingine. Nilikuwa nacheka peke yangu. Mama naye alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, lakini nilimwona akitabasamu kwa upande wa dirisha.

Mamba tulisimama kwa Shangazi Manka, dada wa marehemu baba. Tulipanga dakika kumi, tukakaa saa mbili na nusu. Kwanza mtori wa ndizi, na bakuli likiisha unaongezwa bila kuulizwa. Kisha sala. Kisha Shangazi akamweleza Mama habari za ukoo mzima, waliooa, waliougua, na mmoja aliyeuza ng'ombe wa maziwa akanunua pikipiki. Nilipojaribu kusimama, Shangazi akaniuliza kama nimechoka kumwona. Nikakaa.

Mnajua kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Wakati naagana, buti lilikuwa limeshafunguliwa na limeshajazwa: mikungu mitatu ya ndizi za mshare, na mikubwa kwelikweli, gunia la maparachichi, na dumu la maziwa. Vifaa vyangu vyote vikazikwa chini.

"Shangazi, tunakwenda kulala usiku mmoja tu!"

"Na huko mtakakolala hawali?"

Hatujafika mbali, mlima wa kwanza kuelekea Mwika, geji ikaruka kumi na tano. Gari likakohoa. Nikaachia akseleta haraka. Mama alikunjua leso taratibu, akafunga fundo la kwanza.

Rombo, nauza ndizi

Nilipopata mahali pa kuegesha Rombo nikampigia Gurmit.

"Fundi, limekohoa."

"Mama yumo?"

"Yumo."

Akavuta pumzi. "Unganisha laptop, panda mlima mkali ulio karibu, unitumie rekodi."

Laptop iko chini ya ndizi. Nikashusha kila kitu, nikapanga kwenye nyasi kando ya barabara, nikamwacha Mama akivilinda, nikaupanda mlima wa jirani. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Safi! Injini imeshiba, namba kumi na moja na kitu, hakuna hata chafya. Nilirudi nimechanganyikiwa, nikamkuta Mama amezungukwa na akina mama wanne.

"Huyu ndiye mwenye mzigo?" mmoja akaniuliza. "Mkungu huu mwisho bei gani?"

"Mama, hatuuzi, natengeneza gari."

"Gari lenyewe limepita hapa mara tatu linakimbia, linatengenezwa nini? Sema kama ndizi ni za oda." Alikasirika kweli, akaniambia vijana wa Moshi mjini tuna maringo. Mama alikuwa anacheka mpaka machozi, na baada ya hapo hakucheka tena kwa muda mrefu, kwa sababu yangu.

Gurmit alipoona rekodi akasema labda kuna sensa inachoka ikipata joto, nisubiri injini ipoe. Tukasubiri. Nikapakia ndizi, maparachichi, maziwa. Tukaondoka, na mlima mmoja mkali kabla ya Tarakea, likakohoa tena, vibaya kuliko mara ya kwanza, karibu lizime.

Mama akafunga fundo la pili. Nikamwona anavyolikaza lile fundo, nikashikwa na hasira za kijinga.

"Lakini Mama, nikiwa peke yangu halina shida! Miezi yote hii! Ni wewe tu ukipanda!"

Yalinitoka. Mama aliniangalia mara moja, kisha akageukia dirishani. Nilitamani barabara ipasuke inimeze pamoja na turbo yangu.

Tarakea, chakula bila maongezi

Tulikula maharage na ugali kwa mama mmoja mwenye kibanda, mwanamke mchangamfu aliyetaka kujua tunatoka wapi, tunakwenda wapi, na kwa nini hatuongei. Nikasema tumechoka. Akanijibu waliochoka huwa wanalala, sisi tumenuniana. Mama akatikisa kichwa kumkubalia.

Tulipomaliza, Mama akamwambia yule mama aje naye kwenye gari. Akafungua buti, akamwonyesha mikungu mitatu na gunia.

"Chukua vyote."

"Mama, hizo ni za Mama Mkubwa!"

"Kama gari linaniogopa mimi, na mizigo yangu lisiibebe." Hayo yalikuwa maneno yake yote. Lile dumu la maziwa alilichukua akaliweka miguuni kwake. Yule mama mwenye kibanda alikataa kupokea pesa zetu za chakula, akatuombea safari njema kwa sauti ambayo hata wa ng'ambo ya mpaka walisikia.

Nikajaza mafuta hapo, tukaondoka. Na jamani, gari likapona! Milima yote ya upande ule, mizito kuliko ya Rombo, linapanda tu. Nikajiambia tayari, nimelipata: ni yale mafuta niliyotia Moshi, yalikuwa na maji. Nikampigia Gurmit nikimpa habari kwa mbwembwe. Akasema, "Hongera, lakini rudi nalo kwanza."

Kamwanga, mgongo wa mlima

Tulipofika upande wa pili, mawingu yalikuwa yamefunguka. Nikasimamisha gari bila kuambiwa. Mlima ulikuwa pale, lakini si ule wetu. Hauna ile migomba chini, ni nyika kavu na ng'ombe, na kilele kimekaa tofauti, na Mawenzi, kile kilele kidogo, amehamia upande mwingine.

Mama alishuka, akasimama amevua kofia.

"Kumbe," akasema. Hakuniambia mimi, aliuambia mlima. Nilitaka kumwomba radhi palepale. Badala yake nikajifanya napima upepo wa tairi.

Hapo ndipo akatujia babu mmoja mwenye koti refu na magunia mawili ya viazi, akiomba lifti mpaka Ngare Nairobi. Nikamwamkia, nikampakilia viazi kwenye buti, yeye akakaa nyuma. Alikuwa msemaji hatari. Alituhadithia tembo waliomlia mahindi, akatuonyesha hata walikopitia. Tulikuwa katikati ya tembo wa tatu, kwenye mlima mrefu, gari likakohoa. Geji kumi na tano, kumi na sita. Ule ukawa mwisho wangu.

Babu akainama mbele. "Kijana, gari lako lina pumu."

Mama akafunga fundo la tatu. Leso ikabaki mapajani kwake, na mimi nikaendesha kwa gia ndogo mpaka Ngare Nairobi bila kumsikia babu tena. Nilikuwa namwona Mwalimu Temba akilifunika gari langu kwa turubai na kulipeleka sokoni siku ya soko tu, taratibu, kwa gia ya tatu.

Ngare Nairobi, Mama ndani ya buti

Babu akashuka na viazi vyake, akatushukuru sana. Tukaondoka. Gari jepesi, geji shwari, zima kabisa. Kilomita mbili hivi, Mama akafungua kinywa.

"Elia, simamisha."

Nikasimamisha.

"Kwa Shangazi tulipewa nini?"

"Ndizi."

"Likakohoa. Rombo ulizishusha, likapona. Ukazirudisha, likakohoa. Tarakea nimezigawa, likapona. Huyu mzee kaweka viazi, likakohoa. Kashuka, limepona. Kule Kibosho siku ile ya msiba, wakati wa kurudi nyuma kulikuwa na nini?"

Nikakumbuka. Mikungu miwili na kuni.

"Wewe ukitembea peke yako nani anakupa ndizi?" akauliza. "Hupewi hata embe. Mimi ndiye ninayepewa. Gari halina neno na mimi, lina neno na buti."

Nikaruka chini, nikainua kiti cha nyuma ilipo pampu ya mafuta, nikachomeka mita ya umeme kwenye waya zake, injini inaunguruma. Volti kumi na tatu na nusu, umeme umejaa. Lakini nahitaji mzigo, na viazi vimeshaondoka na mwenyewe.

"Mama... samahani... unaweza kukaa kwenye buti?"

Nawaapia, Mama yangu, mzee wa usharika, aliweka kofia yake vizuri, akapandisha gauni kidogo, akakaa ndani ya buti miguu inaning'inia. Mita ikashuka kumi na mbili.

"Ruka kidogo!"

Akarukaruka. Kumi! Tisa! Akasimama, kumi na tatu na nusu. Akakaa, kumi. Nilipiga yowe mpaka mchungaji mmoja wa mbuzi akakimbia kuja kuona kama nyoka kamwuma mtu. Akamkuta bibi mwenye kofia ya kanisani anarukaruka ndani ya gari na mtu mzima analia kwa kicheko kiti cha nyuma. Hakuuliza kitu. Alikusanya mbuzi wake akaenda zake.

Nikafunua kapeti ya buti. Pale chini ulipita waya mnene nilioupitisha mimi mwenyewe siku nilipofunga pampu mpya, nikauunga katikati kwa haraka, nikazungushia tepu, nikafunika. Ukiweka mkungu juu yake, kiungo kinavutika, umeme unapungua, pampu inalegea, na turbo ikisukuma hewa mafuta hayafiki. Miezi minane! Nikauunga upya kwa klipu, nikaupitisha pembeni ambako hata ng'ombe akilala haugusi. Mama akakaa tena, akaruka sana. Kumi na tatu na nusu, haitikisiki.

Nikampigia Gurmit. Nikamweleza kila kitu.

"Elia," akasema, "umeniletea gari hili mara ngapi gereji?"

"Kama kumi na tano."

"Umewahi kuja hata mara moja na ndizi ndani?"

"Fundi, nani anapita gereji na ndizi? Naziteremsha nyumbani kwanza, mafundi wako watazimaliza!"

"Basi uchoyo ndio ulikuwa ugonjwa wa gari lako!" Alicheka mpaka nikasikia spana inaanguka huko.

Nilirudi kwenye usukani nimejaa furaha, nikamgeukia Mama, na nikaiona leso. Mafundo matatu. Na mimi ndiye niliyelikubali sharti.

Sanya Juu

Kwa Mama Mkubwa Eliwaza tulipokelewa kwa vigelegele. Kulikuwa na machalari ya ndizi na nyama kwenye sufuria kubwa, na nyumba imejaa ndugu. Mama alicheka na kila mtu isipokuwa mimi. Sikuwa naumia tena kwa ajili ya gari. Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Ni wewe tu ukipanda," na nilikuwa nimesema uongo. Makosa yalikuwa yangu, chini ya kapeti yangu, na lawama nilimtupia mama yangu.

Nikatoka nje, nikaenda kwenye ua wa isale. Mnaotoka mbali na mlima huu nawaeleza: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopandia mipaka ya vihamba vyetu, mashamba ya nyumbani. Anayekukosea akija kwako na jani lake mkononi, amekuja kuomba msamaha, na kwetu hukatai. Nikachuma moja, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa, nikaingia ndani. Mbele ya wote nikapiga magoti.

"Mama, nilikukosea kwa maneno. Gari mpe Mwalimu Temba, sharti ni sharti. Sikuja kuombea gari."

Mama alilitazama lile jani, akanitazama, akalipokea kwa mikono miwili. Kisha akatoa leso. Akafungua fundo la kwanza. Akafungua la pili. La tatu lilikuwa gumu, akalivuta kwa meno.

"Haya, imekwisha," akasema. "Inuka ule."

Nililia kidogo. Mnaweza kunicheka.

Kurudi, kupitia Boma Ng'ombe

Jumapili baada ya kipaimara Mama Mkubwa alijaza buti mpaka kioo cha nyuma hakionekani: mikungu minne, gunia la maharage, karoti, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye alipinga safari nzima. Mama alikaa mbele, macho yake kwenye geji, hakusinzia hata kidogo. Akawa ananisomea namba kama mtangazaji wa mpira. Kumi na nne. Kumi na tatu. Kumi na nne tena, ndiyo kawaida turbo ikiwa imelala.

Tuliposhuka bonde la mto Weruweru na kuanza kuupanda ule mlima wa upande wa Moshi, barabara ilikuwa nyeupe mbele yetu, haina hata baiskeli. Nilikuwa nakwenda polepole, kwa heshima. Mama akaichukua leso iliyonyooka, akajifungia nayo kofia chini ya kidevu, akashika mlango.

"Elia."

"Naam, Mama."

"Kanyaga."